Kumsawazisha Mwewe

Mwewe ni ndege ya kuchezea ambayo kaka yangu aliitengeneza hapa Ngarama mwaka 2023. Ndege yenyewe nitaiandika kwa ngeli yake, lakini Mwewe nitamwandika kama mtu, maana uwanjani hakuna anayesema Mwewe imechoka. Tunasema amechoka, amelewa, amekasirika. Mwalimu wetu wa Kiswahili atanisamehe au atanikata alama, shauri yake.

Huyo kaka namwita Yaya. Najua kwamba kwa Wakenya na Watanzania yaya ni mlezi wa watoto, na wenzangu shuleni Mbarara walinicheka sana mwaka wa kwanza. Lakini kwetu sisi tuliotoka Kivu, yaya ni ndugu yako mkubwa, wa kike au wa kiume, na humwiti kwa jina lake tupu hivi hivi.

Mwewe hana rimoti. Anarushwa kwa nyuzi mbili nyembamba za kuvulia samaki, mita 5 kila mmoja. Mrushaji anasimama katikati, ameshika kishikio cha mti, na ndege inamzunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Nyuzi zinaingia kwenye ncha ya bawa la ndani, yaani lile linalomwelekea mrushaji, na katikati ya ndege zimefungwa kwenye kipembetatu cha plastiki tulichokikata kutoka kifuniko cha ndoo. Ukivuta uzi mmoja, pembetatu inageuka na kusukuma kijiti cha mshikaki, nacho kijiti kinainua kipande cha mkia ambacho sisi tunakiita ulimi. Ulimi ukiinuka ndege inapanda, ukishuka ndege inashuka. Kulia na kushoto hakuna. Hayo yameshaamuliwa na nyuzi.

Mchezo huu hatukuubuni sisi. Mmarekani mmoja, Jim Walker, ndiye aliyeupa umaarufu miaka ya 1940, kwa ndege zenye injini ndogo za mafuta. Baadaye watu wakaufanya vita. Katika mashindano ya kimataifa marubani wawili wanasimama bega kwa bega katikati ya duara, nyuzi zao zina urefu wa karibu mita 16, injini zina ujazo wa sentimita za ujazo 2.5 tu, na kila ndege inakokota utepe wa karatasi mkiani. Wana dakika nne. Kila mmoja anajaribu kuukata utepe wa mwenzake kwa propela yake, na kila mkato una alama. Yaya aliona hayo kwenye simu ya rafiki yake, na nadhani usiku ule hakulala.

Injini za mafuta hatukuwa nazo. Yaya alikwenda Mbarara kwa fundi wa simu akanunua droni mbili za kitoto zilizovunjika, kwa bei ya takataka. Akatoa mota, betri na propela. Mwili na mabawa aliyakata kwenye ile povu nyeupe ngumu inayofungiwa televisheni dukani, akalisugua kwa msasa mpaka bawa likapata mgongo kama wa samaki. Bawa zima lina sentimita 50 toka ncha hadi ncha, na upana wa sentimita 12. Ndege ya pili ilikuwa yangu, tukaiita Kozi. Utepe wetu ulikuwa karatasi ya chooni, ambayo Mama alianza kuihesabu.

Jumamosi jioni tulikuwa tunapigana uwanjani, watoto wakizunguka nje ya mstari tuliouchora kwa kisigino. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo ukisimama pale uwanjani unasikia Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kinyankole vyote vikimshangilia Mwewe. Nasema Mwewe kwa sababu Kozi alishangiliwa mara chache. Katika vita kumi nilikuwa nashinda kimoja. Niliamini kwamba mkono wangu ndio mzito.

Mwishoni mwa 2024 Yaya aliambiwa kwamba safari yake iko tayari. Yeye ana mke na mtoto, kwa hiyo faili lake lilikuwa mbali na letu sisi tuliobaki na Mama. Alikuwa amesubiri miaka saba. Hapa kambini mtu akipata safari utajua kwa vitu vyake: kitanda kinatoka nje, baiskeli inapata mwenyewe mpya, masufuria yanagawiwa. Wengine huja kuuliza bei kabla hata hujapata tarehe. Yaya aliuza kila kitu, mpaka paneli ya sola. Siku ya kwenda Kampala alinipa Mwewe akiwa amefungwa kwenye shuka.

"Mudogo wangu, usimrushe kwenye upepo."

Nilimrusha kwenye upepo siku ya tatu. Watoto waliniomba, na mimi nilitaka waone kwamba sasa Mwewe ni wangu. Kosa lenyewe ni rahisi kulieleza. Ndege ikiwa upande ule upepo unakotoka, upepo unaisukuma kuja kwako. Nyuzi zinalegea, na nyuzi zikilegea huna usukani, umeshika kipande cha mti tu. Mwewe alinijia usoni, nikainama, akapita juu ya kichwa changu akajigonga kwenye mlingoti wa goli. Bawa la nje lilivunjika katikati na mkia ukang'oka wote.

Sikulia. Niliokota vipande hadi vile vidogo kama punje za mchele, nikavifunga kwenye shuka lile lile. Nilijiambia kwamba Yaya yuko mbali, hatajua.

Baada ya siku chache habari ikafika. Nchi waliyokuwa waende imesimamisha kupokea wakimbizi, safari zote zimefutwa, hata za watu waliokwisha kupata tiketi. Yaya, mke wake na mtoto walirudi na mifuko ile ile waliyoondoka nayo. Nyumba yao ilikuwa na watu wengine. Mama aligawa chumba kwa pazia, wakalala upande mmoja na sisi upande mwingine.

Sitaeleza sana jinsi Yaya alivyokuwa. Alikuwa anakaa nje kwenye kigoda, mgongo kwa ukuta, na ukimsalimia anaitikia. Basi. Hakuwa na hasira. Mtoto wake akimletea kitu alikipokea na kukiweka chini. Hakuuliza habari za Mwewe hata mara moja, na mimi kila nikipita mbele yake nilihisi shuka lile chini ya kitanda kama mtu aliyejificha.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa pili, nilimbeba Mwewe kwenye begi hadi Mbarara. Nilitaka kumrudisha mzima, kabla hajaulizwa.

Gundi ya kwanza niliyotumia ilikuwa ile ya kukauka haraka, ambayo mafundi wa viatu wanaipenda. Inaila povu. Niliweka matone mawili kwenye mpasuko wa bawa, nikaona shimo linafunguka mbele ya macho yangu na moshi mdogo unatoka. Hilo shimo lipo mpaka leo, limezibwa. Nikaenda kwa mwalimu wa useremala akanipa gundi nyeupe ya mbao. Hiyo haiharibu, ila ndani ya povu inachelewa kukauka, siku mbili nzima, na inaongeza uzito. Bawa nililitia kijiti cha mwanzi ndani. Mkia niliushikiza kwa vijiti viwili na gundi nyingi, kwa sababu niliogopa ung'oke tena. Woga huo ndio ulionigharimu baadaye.

Kwenye mizani ya maabara Mwewe alikuwa na gramu 70. Kabla ya ajali alikuwa na 65, nakumbuka kwa sababu Yaya aliwahi kunituma nimpime. Gramu 5 ni kitu gani? Ni kijiko cha sukari. Nilifurahi.

Asubuhi moja nikamrusha nyuma ya bweni. Aliruka kama mwanambuzi. Nikigusa kishikio kidogo tu anapanda wima, nikirudisha anachomeka pua, na wakati wote pua yake ilikuwa inageukia kwangu, nyuzi zinalegea. Nilimtua, sijui hata nilimtuaje.

Kitovu cha uzito cha ndege hii kinatakiwa kiwe robo ya upana wa bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele, yaani sentimita 3. Unaweka vidole viwili chini ya mabawa mahali hapo, na ndege inapaswa ikae imelala sawa. Niliposogeza vidole mpaka ikakaa, nikapima: karibu sentimita 4. Hiyo sentimita moja ilitoka kwenye mkia. Gramu 3 za gundi na vijiti, zikiwa mbali sentimita 20 nyuma, zina nguvu kama mtoto anayekaa mwisho kabisa wa ubao wa bembea. Tena nyuzi hutakiwa zitoke bawani nyuma kidogo ya kitovu cha uzito, ili zivute pua ielekee nje. Kitovu kiliporudi nyuma, nyuzi zikabaki mbele yake, na pua ikaja kwangu. Kumbe hata zile nyuzi kulegea zilikuwa kosa la mkia.

Nikafanya hesabu. Toka kitovu hadi puani ni sentimita 8 tu, kwa hiyo kila gramu ya mkiani inataka gramu mbili na nusu puani. Nilitafuta kitu cha gramu 7 au 8 nikaona sarafu ya shilingi mia. Nikaibandika puani kwa selotepu. Vidole vikasema sawa.

Akaruka bila kurukaruka. Lakini akawa mzito wa kugeuka, na bawa lake la nje lilikuwa limelala chini kila akizunguka. Mwenye akili yoyote angesema bawa la nje limezidi uzito kwa sababu ya ile gundi. Nami nikasema hivyo. Ndani ya ncha ya bawa la nje Yaya aliwahi kuchomeka misumari miwili ya viatu, ili kulipa uzito wa nyuzi zinazoning'inia upande wa ndani. Nikatoa mmoja. Bawa bado liko chini. Nikatoa wa pili. Bado. Na sasa kila nikimpandisha juu kichwani kwangu, nyuzi zinalegea tena na anaanguka ndani kama mtu aliyepigwa usingizi. Muhula wote uliisha hivyo.

Likizo ya mwezi wa tano nilirudi Ngarama. Wakati ule mvua zinamalizika na asubuhi hewa inakuwa tulivu kabisa, moshi wa jikoni unapanda kama uzi. Nilikuwa natoka saa kumi na mbili na nusu, kabla Yaya hajaamka, nashika kishikio mwenyewe na mtoto wa jirani yetu Msomali anarusha kwa mkono. Siku ya tatu mtoto yule alinitazama kwa nyuma ya bega langu, akanyamaza. Niligeuka. Yaya alikuwa amesimama kwenye mstari wa goli, amejifunga kitenge cha mke wake mabegani kwa baridi.

Sijui alikuwa amesimama muda gani. Alikuja, akamwokota Mwewe kwenye nyasi, akamgeuza. Akapitisha kidole kwenye bawa, akapitisha kwenye mkia. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu mwezi wa kwanza, yote yakapotea. Akafika puani.

"Nani alimupa feza?"

Nikasema ni mimi.

"Mwewe iko na feza kunipita."

Halafu akacheka. Si kicheko kikubwa, pumzi tu puani, lakini mtoto wa Kisomali naye akacheka, nami nikapata ujasiri wa kusema Yaya nisamehe, nilimrusha kwenye upepo. Alisema alijua. Watoto walimwambia siku ile ile aliyorudi. Miezi yote ile nilikuwa namficha ndege ambaye yeye anajua yuko chini ya kitanda.

Alikaa chini pale pale uwanjani. Kitu cha kwanza alichofanya ni kubandua sarafu na kunirudishia. Alisema mtu akiugua mguu humfungi jiwe mguu wa pili ili alingane. Ukiweka uzito puani kulipa uzito wa mkiani, ndege inakuwa na vichwa viwili vizito, mbele na nyuma, na kugeuka kwake kunakuwa kama lori la matoke kwenye kona. Dawa ni kuupunguza mkia. Tulirudi nyumbani, akaukata mkia wangu wote wa gundi, akatengeneza mwingine kwa povu la sahani ya chakula, na kijiti kimoja badala ya viwili, gundi kidogo mno hata nikaogopa. Uliobaki mzigo wa nyuma, gramu moja hivi, hakuuwekea kitu. Alisogeza betri mbele, upana wa kidole. Betri lazima ibebwe hata hivyo, akasema, basi ifanye kazi mbili.

Kisha alimning'iniza Mwewe kwa nyuzi zake kwenye kizingiti cha mlango, bawa la nje likiangalia ardhini. Tulimwacha atulie. Pua ikainama kidogo, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mtoto wake alikuja kusukuma, tukasubiri tena atulie, akasukuma tena. Yaya hakumfukuza.

Jioni tulirudi uwanjani. Bawa la nje likawa chini vile vile. Nikamwambia gundi ndiyo imezidi, na kwamba nimeshatoa misumari yote miwili. Alinitazama.

"Ulimugeuza?"

Sikumwelewa. Alichukua kishikio, akampandisha Mwewe nusu ya mzunguko na kumwacha aruke mgongo chini, tumbo juu. Mimi siwezi kufanya hivyo zaidi ya sekunde mbili, kwa sababu mkono wote unabadilika, juu inakuwa chini. Yeye alizungusha duara tatu, polepole, na kuniambia niangalie bawa. Bawa la nje sasa lilikuwa juu.

Uzito, alisema akimtua, haujui kama umelala kifudifudi au chali. Kitu kizito kitakwenda chini tu. Bawa la nje lingekuwa zito, lingekuwa chini wakati wote. Likiwa chini ndege ikiwa wima, na juu ndege ikiwa chali, basi si zito, limepinda. Tulishika ndege kwa nyuma, jicho moja limefungwa, tukaona: pale nilipounganisha, ukingo wa nyuma ulikuwa umeinuka kama milimita mbili. Gundi ilikauka siku mbili na mimi sikuweka kitu cha kulinyoosha bawa wakati huo. Muhula mzima nilikuwa natibu uzito ambao haukuwepo, na misumari niliyoitoa ndiyo iliyokuwa inazishika nyuzi zisilegee.

Povu lenye gundi ya mbao hulinyooshi tena bila kulivunja. Yaya alikata kipande cha jalada la daftari langu, ukubwa wa kucha mbili za dole gumba, akakibandika kwenye ukingo wa nyuma wa bawa la nje na kukipinda chini kidogo. Akarusha. Akatua, akapinda tena, kidogo kuliko mara ya kwanza. Akarudisha msumari mmoja. Akarusha, akampandisha juu kichwani, akasikiliza nyuzi kwa mkono, akatua.

"Nusu," akasema.

Nilikata msumari wa pili nusu kwa koleo ya jirani. Giza lilikuwa linaingia na ng'ombe wenye pembe ndefu wa wenyeji wakipita kando ya uwanja, wakakata duara letu katikati, tukasubiri wapite. Mke wake alituma mtu kuuliza kama hatuli. Yaya alijibu kwamba tunakuja. Hatukwenda.

Alimrusha mara ya mwisho akiwa na ile nusu. Wima, chali, juu, wima tena, na mabawa yote mawili yalikuwa yamelala kama meza. Alimtua mbele ya miguu yangu, akanipa kishikio.

"Leta Kozi," akasema. "Nitamurusha mimi."

Nilimwambia Kozi atamsumbua, mkono wake umezoea Mwewe. Alikuwa ameshamchukua, anatoa betri mahali pake, anaitafutia nafasi mpya nyuma.

"Kozi iko muzito ku pua tangu siku ya kwanza," akasema bila kuniangalia. "Sikukuambia. Ungenishinda."

Mtoto wa jirani alikimbia nyumbani kuiba karatasi ya chooni.